Siku Niliyopaka Fandesheni Mguuni

Jamani, kuna aibu mtu unazificha mpaka zinasahaulika, lakini hii yangu ilishuhudiwa na benchi zima la kituo cha afya, na Bariadi yetu mnaijua, ukipiga chafya Somanda unapewa pole sokoni, kwa hiyo nimeona bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaipata ile iliyotiwa chumvi. Nimesikia kuna wanaosema nilikuwa uchi. Sikuwa uchi. Nilikuwa na taiti, tena mpya.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Kulwa, msusi, saluni yangu iko nyuma ya soko. Na kazi ya msusi nyie mnaijua mkiwa mmekaa, mnachati na simu zenu, mnatafuna karanga, mimi nimesimama nyuma yenu toka asubuhi mpaka ninyi ndio mnalalamika kwamba shingo inauma (shingo!). Miguu yangu ndiyo imebeba urembo wa mji huu. Shida ilianza baada ya kuwazaa mapacha wangu, mishipa ikatokeza mguu wa kushoto, minene, imejisokota, jioni mguu unajaa mpaka mkanda wa kandambili unaacha mfereji, kisha ngozi ya juu ya kifundo ikabadilika rangi, ikawa nyeusi ya kukauka, inawasha usipime, na mimi kwa kujikuna kwangu nikafungua kidonda upande wa ndani. Kidogo tu, ungekiona ungesema cha wiki moja. Ukapita msimu wa kupanda pamba, ukapita wa kuvuna, kidonda kipo palepale kinanitazama.

Upande wa wakwe zangu kule Migato walishanipatia jibu zamani. Shangazi wa mume wangu aliniangalia mguu mara moja tu, akashika kiuno, akasema, "Huyu amekanyaga dawa. Kuna mtu alimtegea." Basi toka siku hiyo nikienda kule naona watu wanaangalia chini ninapopita, eti wasije wakakanyaga nilipokanyaga. Mtu pekee ambaye hakusema kitu ni baba mkwe. Yeye ni mzee wa maneno machache, mfugaji, jina lake sitalitaja kwa sababu mkwe hatajwi hovyo, na kama mnataka kumjua barabarani mtamjua kwa gambuti, zile buti ndefu za mpira. Mzee yule havai kiatu kingine. Masika gambuti, kiangazi gambuti, kanisani gambuti, kwenye harusi yetu alikuwa na suti na gambuti. Sisi wakamwana wake tukiwa jikoni tulikuwa tunamcheka mpaka ugali unaungua, na hilo nalo ninyi litunzeni, nitalihitaji mbele.

Sasa kukaja tangazo kwamba kuna madaktari wametoka Mwanza na mashine ya kupima damu inavyotembea kwenye ngozi ya mguu, kwa watu wenye mishipa mibovu na vidonda visivyopona. Nesi Sayi, ambaye kichwa chake nakisuka mimi, ndiye aliyeniandikisha. Akanieleza vizuri: wanapima kwanza, wajue ngozi yako inapata damu namna gani, ndipo wajue wakufunge ile bandeji ya kubana, na waibane kiasi gani, kisha kituo kinaendelea kukufuatilia mpaka kidonda kifunge. Bila kupimwa hufungwi. Mimi nilikuwa nimepangiwa siku ya mwisho, na usiku huohuo wageni wanarudi Mwanza na mashine yao. "Atakayekosa leo amekosa, Mama Kulwa," akaniambia, "kwa hiyo uje mapema, usinywe kahawa, na mguu usiupake kitu. Sio mafuta, sio losheni. Mkavu."

Mkavu! Hebu mwambie mwanamke wa saluni apeleke mguu mkavu kwa daktari wa kutoka mjini.

Asubuhi ile nilipita saluni kuchukua khanga ya kujifunika, nikajikuta nimesimama mbele ya kile kioo kikubwa nimeinua mguu juu ya kiti, nautazama. Nyie, ule mguu ulikuwa mbaya. Mweusi kama sufuria la mama lishe kuanzia kifundo kupanda juu, umepauka, una magamba, na mimi mtu ambaye wateja wananiita mtaalamu wa urembo nikaona haya, nikajikuta nawaza, losheni wamekataza, mafuta wamekataza, lakini fandesheni hawakuitaja. (Ile ya kupaka usoni kabla ya poda, ninayowapaka mabibi harusi.) Nikachukua chupa. Nikatandaza kidogo pembeni ya kidonda, nikatandaza na huku, nikasawazisha na sifongo, nikapiga poda juu ili isimeremete. Nilipomaliza mguu ulikuwa umependeza kuliko uso, nikaondoka najitingisha kama naenda kusimamia harusi.

Daktari mwenyewe alikuwa dada mmoja mdogo wa umbo, Daktari Rehema, mtu wa pwani, Kiswahili chake laini, kila neno anaanza na "mama yangu". Chumba walichoazima ni kile cha mwisho cha korido, hakina mlango, kina pazia tu, na nje ya pazia ndipo lilipo benchi la wagonjwa. Mashine yenyewe ni kimashine cha ukubwa wa redio, wamekiweka juu ya toroli la dawa, kina waya mrefu, na mwisho wa waya kuna kidude mfano wa kifungo cha koti chenye taa nyekundu. Hakichomi wala hakitoboi. Wanakibandika kwenye ngozi kwa plasta, ile taa inaingia kidogo ndani, inarudi, na kwenye kioo cha mashine unaona mstari unapanda na kushuka kadiri damu inavyotembea.

"Nitakupima ukiwa umelala," akaniambia, "halafu utauteremsha mguu nikupime tena. Mguu wenye afya ukiuteremsha, ngozi yenyewe inabana vijishipa vyake ili damu isifurike. Wa kwako, mama yangu, nadhani umesahau kubana."

Nikampenda palepale. Umesahau! Wengine wote walisema umerogwa, yeye akasema umesahau, na mtu aliyesahau si anaweza kukumbushwa?

Basi akabandika kile kifungo. Kikateleza. Akabandika tena, plasta ikajikunja na kudondoka kama jani. Akatazama mashine, mstari umelala chini kabisa, akagonga kioo, akasema, "Ajabu, inaniambia hapa hakuna mtu." Mimi macho juu darini. Akachukua pamba yenye spiriti, akapitisha mara moja, pamba ikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Akapitisha tena kwa nguvu, ikatoka nyingi zaidi. Basi yule mtoto wa watu akaingiwa na hofu, akapaza sauti korido nzima ikasikia, "Nesi! Nesi Sayi! Njoo haraka, ngozi ya mgonjwa inatoka!"

Sayi akaja mbio. Akainama, akaangalia, akanusa ile pamba (akanusa!), kisha akasimama taratibu ameshika mdomo. "Mama Kulwa," akasema, "hii si ile uliyonipaka kwenye sendoff?"

Benchi la nje likaangua kicheko. Kulikuwa na bibi mmoja mnene wa Lalago, sauti yake kama spika ya mnadani, yeye ndiye aliyeanza kuwatangazia waliokuwa mbali: "Amepaka mguu mekapu! Anataka mashine imchumbie!" Nikatamani kitanda kinimeze.

Daktari Rehema hakucheka, Mungu ambariki, alinisafisha mguu wote polepole akizunguka kidonda, lakini akaniambia ukweli: ngozi ikishasuguliwa hivyo damu inaikimbilia, ikipimwa sasa itatoa majibu ya uongo, lazima nisubiri itulie, na ili nisiwakwamishe wengine nitapimwa wa mwisho. Nami niliyekuja wa pili nikahamishiwa mwisho wa benchi, mguu mkavu, mweusi, mbaya, umenyooshwa hadharani, jirani yangu bibi wa Lalago akinitazama kwa huruma na kunipa karanga. Nawaambieni kama nisingeshika ile chupa ningekuwa nimeshapimwa na kuondoka kabla ya chai ya saa nne, na hayo yaliyofuata yangempata mtu mwingine au yasingetokea kabisa.

Mchana ukapita. Siku hiyo ilikuwa siku ya mnada, na mchana ndipo wazee wanaotoka kuuza ng'ombe wanapoanza kujikusanya hospitali, mmoja presha, mmoja macho. Mimi nikaitwa. Nikavua sketi kwa sababu ilikuwa ndefu na inabana magotini (ndiyo, hapo ndipo ilipotoka, nikabaki na blauzi na taiti fupi inayoishia juu ya goti), nikajifunika khanga kiunoni, nikalala, kifungo kikabandikwa, safari hii kikashika. "Sasa usitikisike, usiongee," akasema Daktari. "Tulia hivyo hivyo, ngozi izoee, ndipo nianze." Nikatulia. Feni inazunguka, mstari unapanda na kushuka taratibu, Daktari anatabasamu, na mimi moyoni najiambia, haya, kumbe imepita.

Nikasikia kikohozi.

Kile kikohozi nakijua. Nakijua hata nikiwa usingizini, kwa sababu mkamwana ukikisikia uani unaruka kutoka ulipokaa. Na nyuma ya kikohozi, sauti ya mpira mnene ukikanyaga sakafu ya sementi, kwap, kwap, kwap, inakuja koridoni. Nikawaza, haiwezekani, mzee yuko Migato, na kama yuko mnadani hospitali amefuata nini? Pazia likafunguka. "Hodi humu," akasema. Walimwambia chumba cha mwisho, naye akaja chumba cha mwisho.

Sasa ninyi ambao si Wasukuma nisikilizeni. Baba mkwe hamtazamani usoni, hukai alipokaa, miguu yako haijui wala hatakiwi kuijua, na ukikutana naye, iwe njiani, iwe shambani, iwe umebeba ndoo ya maji kichwani, unapiga magoti ndipo unamsalimia. Si jambo la kufikiria. Magoti yenyewe yanajua. Daktari alikuwa ameniambia usitikisike, na ningeweza kulitii neno hilo hata kama nyoka angepita juu ya kitanda, lakini kwa baba mkwe magoti hayakuniuliza.

Niliruka. Waya ukaruka nami. Waya ukavuta toroli, toroli lina magurudumu, likanifuata likipiga kelele kama mbuzi aliyefungwa kamba, chupa za spiriti zikaanguka, khanga ikabaki kitandani, na Daktari Rehema akajitupa akaikumbatia mashine isianguke, wakasogea wote wawili mpaka katikati ya chumba. Nami nikatua magotini mbele ya mkwe wangu, taiti yangu, mguu wangu mweusi, waya na taa nyekundu inawaka, mashine nyuma yangu inalia pii pii pii, nikainamisha kichwa na kusema, kwa adabu zote nilizofundwa, "Mwadila, baba."

Na mzee naye, maskini, afanyeje? Kuondoka bila kuitikia ni kumtukana mtu. Kunitazama hawezi. Akageukia ukuta, akaegemeza fimbo yake, akaitikia salamu yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akiniita mayu, yaani mama, huku anaongea na lile bango la chanjo za watoto.

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola, baba."

"Kaya mhola? Wajukuu?"

"Wazima, baba."

"Mvua huku?"

"Kidogo, baba." Pii pii pii.

"Na ng'wanangu?"

"Yupo kazini, baba." Daktari nyuma yangu anasema, "Mama yangu, tafadhali, tafadhali," na pazia limejaa vichwa vya benchi zima, juu kabisa bibi wa Lalago. Hapo ndipo ilipotoka ile hadithi ya uchi.

Sayi akanitupia khanga. Mzee akatoka kinyumenyume, bado anatazama ukuta. Mashine ikazima, kioo cheusi, na mimi pale sakafuni sikuhisi aibu tena, nilihisi hofu, kwa maana plasta ilikuwa imetoka na ngozi, kidonda kinachuruzika, na nilijua kabisa nimeharibu mashine ya watu na nafasi yangu kwa pamoja, nitarudi Migato na mguu wangu wa kukanyaga dawa mpaka nizeeke nao. Nikaanza kulia. Kulia kwa sauti, kama mtoto.

Kumbe plagi ndiyo iliyochomoka. Daktari akaichomeka, kimashine kikawaka, akashusha pumzi. Lakini akakaa kwenye kiti, akatazama saa, akasema ngozi yangu inahitaji kupumzika upya, na dereva ameshapakia gari, muda uliobaki unatosha mtu mmoja tu kupumzishwa. "Na bado kuna mgonjwa mmoja aliyeandikishwa mchana huu," akasema. "Yule mzee."

Nikamwuliza Sayi mzee gani. Sayi akaangalia chini.

Kutoka nje ya pazia ikaja sauti ya baba mkwe: "Mpimeni huyo. Mimi nilikuwa napita tu."

"Mzee," Sayi akajibu kwa upole, "si uliniambia wewe mwenyewe kwamba hulali usiku kwa ajili ya mguu?"

Kikohozi. Na mimi, nikiwa nimeshika khanga yangu, ndipo gambuti zote za miaka yote ziliponijia kichwani, za masika, za kiangazi, za kanisani, za kwenye harusi yangu, na vicheko vyetu vyote vya jikoni. Niliona haya kuliko ya asubuhi. Nikasema kwa sauti ili anisikie, "Baba, ingia wewe. Mimi nitasubiri wakirudi mwakani."

"Wewe unasimama kutwa," akasema huko nje. "Mimi kazi yangu ni kukaa na kutazama ng'ombe."

Uongo mtupu, mzee yule hajawahi kukaa.

Daktari Rehema, ambaye masikini hakuwa anaelewa tunagombea nini, akapata wazo. "Kinachochukua muda ni kupumzika," akasema, "kupima kwenyewe ni haraka. Mlale wote wawili humu, vitanda vipo viwili, nitaweka pazia katikati, mpumzike pamoja. Kwani si baba yako?"

Benchi likasema "Haaa!" kwa pamoja. Bibi wa Lalago akaingiza kichwa. "Mkamwana na baba mkwe wake, chumba kimoja, wamelala? Wewe daktari, unataka mvua igome, tusivune pamba?" Daktari akageuka kunitazama, nami nikatikisa kichwa. Si kwamba sikutaka kupona. Lakini ningepona nikaishi wapi?

Halafu nikamsikia mzee huko nje akisema, polepole, "Nipisheni hilo benchi."

"Baba?"

"Nitapumzika hapa hapa koridoni. Nimelala zizini, nitashindwa benchi? Daktari, nivue na kiatu?"

"Ndiyo, mzee," Daktari akasema. "Uvue na upandishe suruali mpaka magotini, mguu uwe wazi. Lakini hapo mbele za watu..."

"Wewe mshughulikie huyo."

Nikalazwa tena. Kifungo kikabandikwa sehemu nyingine, juu kidogo ya pale palipochubuka, mstari ukaanza upya, na Daktari akaweka kidole kwenye midomo yake: kimya. Basi nikiwa nimelala vile, siruhusiwi kusogeza hata kidole, nikasikia gambuti ya kwanza ikidondoka sakafuni. Ya pili ikachelewa. Alikuwa anaivuta, nasikia anavyopumua, ikatoka kwa shida, ikadondoka, na benchi lile lililokuwa linacheka toka asubuhi likanyamaza kabisa.

Mzee aliyeficha mguu wake kwa mke wake, kwa wanawe, kwa kanisa zima, ameuweka wazi koridoni siku ya mnada, watu wa Itilima nzima, wilaya ya kwao, wanapita, ili mimi nipate chumba.

Aliyevunja ukimya ni bibi wa Lalago, na safari hii kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Pole, mzee," akasema. "Pole sana."

"Asante, mayu," akaitikia. Kisha akapaza sauti: "Na mtu yeyote asimsalimie wa humo ndani. Damu yake inasomwa."

Na kweli akalinda. Kila aliyepita na salamu zake alizimalizia kwake. Alikuja mwenyekiti wa kijiji chao, akashangaa kumwona amelala benchini mguu wazi, akaanza na kuulizia ndani kuna nani, mzee akamkatiza, "Mwadila yako nimeipokea mimi. Wa ndani hajibu. Endelea na safari." Akafika mchungaji. Mchungaji naye akaambiwa aendelee na safari.

"Mama yangu," Daktari akaninong'oneza akitazama kioo, "unalia?"

Nikanyanyua nyusi kumaanisha hapana.

"Mashine inasema unalia."

Machozi yalikuwa yanateremka pembeni yanaingia masikioni, na sikuweza kuyafuta kwa sababu nimekatazwa kutikisika. Akayafuta yeye, akangoja mstari utulie, akapima. Akaniambia niteremshe mguu, akapima tena. Mstari ambao ulitakiwa ushuke ulishuka kidogo sana, ukaendelea kutembea juu juu, na yeye akaguna, akasema ni kama alivyodhani, mguu umesahau kubana, ila damu inayoingia ni nzuri, bandeji itanifaa. Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka kilichotokea mara ya mwisho nilipoinuka na waya.

Tulipopishana penye pazia nilijifunika khanga kichwa kizima na yeye akatazama ukuta. Nikakaa kwenye lile benchi, mahali alipolala pakiwa bado na joto (nilisogea, msinitazame hivyo, nilikaa pembeni), na chini yake zilikuwa gambuti zake, moja imelala. Nikaisimamisha. Ndani kulikuwa na vitambaa vya shuka la zamani vimekatwa vizuri na kukunjwa, vingine vimefuliwa, kazi ya mtu anayejiuguza mwenyewe siku nyingi bila kumwambia mtu. Nikakaa nazo miguuni kwangu nikilinda pazia, na yeyote aliyekuja kumsalimia nilimwambia damu yake inasomwa, aendelee na safari.

Dereva wa gari lao alipiga honi mara nyingi. Daktari Rehema alimaliza, akatoka, akatuambia sote wawili, mimi nimegeukia huku, yeye kule, kwamba ugonjwa wetu ni mmoja, mishipa ya kurudisha damu juu imechoka kwa kusimama miaka na miaka, mmoja nyuma ya vichwa, mmoja nyuma ya ng'ombe. Mzee akafikiri.

"Basi tumekanyaga dawa moja," akasema, na nikasikia mabega yake yanacheka. Toka hapo hakuna aliyelisema tena neno hilo Migato, kwa sababu alilisema yeye kwanza, mezani, mbele ya shangazi, suruali imekunjwa mpaka goti.

Siku hizi kila wiki tunakwenda kufungwa bandeji, yeye anatangulia mimi nafuata kwa nyuma. Kidonda changu kimebaki alama. Chake kikubwa, kinapungua taratibu. Ndara za ngozi amenunua, anasema zinamfanya aonekane mvivu, na sisi wakamwana jikoni hatucheki tena, au tunacheka mambo mengine.

Mimi nimeapa mambo mawili. La kwanza, fandesheni ni ya uso, na wewe unayeficha mguu wako chini ya sketi hapo ulipo, kauoneshe kama ulivyo, mbaya hivyo hivyo. La pili, nikiwa na waya, au bandeji, au chochote cha daktari mwilini, hata aingie nani, salamu atazikuta nyumbani. Hili la pili ni gumu, nisiwadanganye. Wiki iliyopita Sayi alikuwa katikati ya kunifunga, mguu uko mapajani kwake, nikasikia kikohozi koridoni, na kabla sijajua nafanya nini goti lilishaanza kukunjika. Pazia halikufunguka. Nje, akitazama ukuta wake, mzee akasema taratibu:

"Mguu, mayu."

Nikaurudisha.